Sangara Wetu na Tangi la Kioo



Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kicheko, habari za yule samaki aliyekuwa akikaa katika chumba cha Shule ya Jumapili. Baadhi yenu mmesikia kwamba alikufa, na baadhi mmesikia kwamba sisi walimu tulimla. Basi tumeona yafaa tueleze mambo yote hapa katika gazeti letu la parishi, maana jambo hili, ijapokuwa lilianza kama burudani ya watoto, limetuachia swali lisilo la kitoto. Swali lenyewe ni hili: mtu akimpokea kiumbe mdogo na kumweka chini ya ulinzi wake, je, wajibu wake hupimwa kwa udogo wa kiumbe huyo leo, au kwa ukubwa atakaoufikia kesho?

Hatuandiki ili kujitetea. Atakayesoma hata mwisho ataona kwamba hatuna utetezi mwingi.

Jinsi tulivyoanza

Watoto walikuwa wakifundishwa habari za uumbaji, na tulipofika siku ya tano, siku ya samaki na ndege, mwalimu mmoja alisema jambo lililotuingia moyoni. Alisema watoto wetu wamezaliwa kando ya Ziwa Viktoria, tena hapa Mwanza ambapo harufu ya samaki haikosekani, lakini wengi wao hawajapata kumtazama samaki aliye hai. Wanamjua yule wa kwenye beseni la muuzaji, na yule wa kwenye kikaango. Je, si vema wamwone akiogelea jinsi Mungu alivyomwumba?

Neno hilo lilipendwa. Mzee mmoja wa kanisa alitoa mbao za meza, na fundi vioo akakata vipande vya unene wa milimita 10 na kuviunga kwa gundi ya silikoni. Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani maji ya lita 300. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, meza ilipaswa kubeba kilo 300 bila kuhesabu kioo na changarawe, nayo ililalamika hata ikabidi kuongezewa miguu miwili katikati. Tulinunua pampu ya hewa na chujio la sifongo. Tukatia furu sita, wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza wanaokaa penye mawe kando ya ziwa, kila mmoja mfupi kuliko kidole.

Mambo yalikwenda vizuri. Kisha mvuvi mmoja, rafiki wa kanisa, alituletea kutoka mwaloni kopo lenye sangara mchanga. Alimkuta kati ya dagaa waliovuliwa usiku kwa taa za karabai, naye alikuwa bado anahema. Urefu wake ulikuwa sentimita 7. Watoto walimshangilia, wakampa jina la Yona. Tuliwaambia wamegeuza habari, kwa sababu Yona ndiye aliyemezwa. Lakini jina likashika.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaomba msomaji aangalie jinsi kosa lilivyokuwa. Wote tuliokuwa chumbani tulijua sangara ni nini. Hapa kwetu hakuna asiyejua. Samaki huyu aweza kufika urefu wa karibu meta 2 na uzito wa kilo 200. Kila mmoja wetu amewahi kuona wanaume wawili wakimchukua sangara mmoja kwa mti begani. Lakini tulipochungulia ndani ya kopo hatukuona sangara; tuliona kitu cha kiasi cha kidole, chenye macho ya kung'aa, nasi tukakipimia nyumba ya kiasi cha kidole.

Yale tuliyojifunza juu ya maji

Mtu asiyewahi kufuga samaki hudhani kazi ni kumlisha. Sivyo. Kazi kubwa ni maji. Samaki hutoa taka zake katika maji yale yale anayohema, na iliyo mbaya kati yake ni amonia, ambayo hutoka hasa kwa njia ya mashavu. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi hukaa pale pale, ikamchoma samaki mashavu hayo hayo. Msaada hutoka kwa bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokaa ndani ya chujio na juu ya changarawe. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru upesi. Makundi haya hayajengeki kwa siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita, na kwa sababu hiyo tangi jipya, hata likimetameta namna gani, si nyumba bado. Tena ile nitrati ya mwisho haina pa kwenda mpaka mtu aitoe kwa mikono yake, kwa kubadili maji.

Sisi tulibadili theluthi ya maji kila Jumamosi, yaani lita 100, ndoo tano za lita 20. Maji ya bomba tuliyaacha wazi kutwa kucha ili klorini itoke. Kwa furu sita kazi hiyo ilitosha na kuzidi. Kwa Yona haikutosha muda mrefu.

Kwanza waliondoka furu. Kila Jumapili watoto walihesabu, na kila Jumapili hesabu ikapungua: sita, watano, watatu. Ilipofika mwezi wa nne, Yona alikuwa peke yake. Watoto wadogo walilia, na mvulana mmoja akataka Yona aadhibiwe. Tukamwuliza, "Aadhibiwe kwa kosa gani?" Akajibu, "Amewaua wenziwe." Msichana mmoja, mkubwa wake kidogo, akasema, "Lakini mwalimu, ninyi ndio mliomtia humo." Hatukuwa na la kumjibu. Tukaimba wimbo, tukawaruhusu waende nyumbani.

Mwezi wa saba Yona alikuwa na sentimita 24. Alikula konzi ya dagaa kila siku, na maji yaliyobadilishwa Jumamosi yalianza kunuka Jumatano. Tukabadili mara mbili kwa juma, kisha mara tatu, ndoo kumi na tano. Alikuwa akianza mwendo kutoka upande mmoja wa tangi, na kabla hajanyoosha mwili sawasawa kioo cha pili kikamkabili. Alipata kidonda puani ambacho hakikupona.

Mtu mmoja anayeuza vifaa vya samaki alitutuliza. Alisema, "Msihofu, samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake." Maneno haya husemwa mahali pengi duniani, na ndani yake mna udanganyifu. Ni kweli kwamba samaki aliyebanwa aweza kudumaa. Lakini hadumai kwa kuwa ameridhika na nyumba. Hudumaa kwa kuwa maji yake ni machafu na mwili wake unashindwa. Mtoto aliyekosa chakula naye huwa mdogo, wala hatusemi kwamba amejilinganisha na sahani yake. Methali yetu husema samaki mkunje angali mbichi, nayo ni methali njema kwa malezi ya watoto. Lakini hakuna mkono unaoweza kumkunja sangara mpaka awe furu.

Basi tukakaa chini kufanya hesabu ambayo tungalipaswa kuifanya siku ya kopo. Sangara wa meta 1 huwa na zaidi ya kilo 10, naye bado si mkubwa katika jamii yake. Hapana budi apate mahali pa kugeuka bila kujipinda. Tukasema: upana meta 1.5, urefu meta 5, kina meta 1.2, na hiyo bado ni nyumba ya kubana. Jumla ni lita 9,000, yaani tani 9 za maji. Chumba chetu cha Shule ya Jumapili kina urefu wa meta 6 na upana wa meta 4. Ingetubidi tuwatoe watoto nje ili Yona apate kukaa.

Shauri lililocheleweshwa

Tulimwita Bwana Samaki, naye alikuja akatazama akatikisa kichwa. Alituambia mambo matatu. Kwanza, sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa hiyo hata siku ile ya kopo hatukuwa na haki ya kumpokea, ijapokuwa mvuvi hakumkusudia. Pili, sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi majini. Si kama kamongo au kambare, ambao maji yakiharibika hupanda juu na kuvuta hewa. Pampu ikisimama, sangara hana saa nyingi za kuishi. Tatu, kwa kuwa Yona alitoka katika ziwa hili hili, wala hakuchanganywa na samaki wa nchi nyingine, angeweza kurudishwa, mradi jambo lifanyike upesi kabla hajadhoofika zaidi, alfajiri kukiwa na ubaridi, katika pipa lenye pampu ya betri. Akaahidi kusimamia mwenyewe.

Basi njia ilikuwepo, nayo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kwa nini hatukuifanya? Yatupasa kusema kweli. Baba Askofu alikuwa amepangiwa kuja kwa ajili ya Kipaimara, nasi tulitaka amwone Yona. Tulikwisha kuwachagua watoto wa kusimama kando ya tangi na kumweleza. Halmashauri ya parishi ikalijadili jambo hili ikaliahirisha. Ikalijadili tena, ikaliahirisha tena hadi baada ya ziara. Kila mmoja alikuwa na sababu njema, na hakuna aliyetamka ile sababu yenyewe.

Usiku wa Jumamosi moja umeme ulikatika saa nne, ukarudi alfajiri. Asubuhi ya Jumapili waliofika wa kwanza walikuwa watoto.

Hatukumla. Tulimzika nyuma ya chumba, na watoto wakaweka jiwe. Majuma mawili baadaye Baba Askofu alifika. Aliliona tangi tupu kwenye meza ya miguu sita, akauliza kwa upole, "Hili lilikuwa la nini?" Tulikuwa bado tunatafuta maneno, mtoto mmoja akatangulia kumjibu: "Lilikuwa dogo, Baba."

Visingizio vitatu

Tangu siku hiyo tumesikia maneno mengi ya kutufariji, na mengine tumejiambia sisi wenyewe. Tunayaweka hapa mbele ya wasomaji ili tuyapime pamoja.

La kwanza ni hili: samaki ni samaki tu. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia, "Wanangu, katika mji huu sangara huingia viwandani kila siku, minofu yao huenda Ulaya, mapanki huuzwa kwa mafungu, hata mabondo yana wanunuzi wake. Mnalilia mmoja?" Ni neno lenye nguvu, wala hatulidharau. Sisi nasi twala samaki, na waumini wengi wa parishi hii hulisha watoto wao kwa uvuvi. Hatusemi kwamba kumla samaki ni dhambi.

Lakini tukilifikiri vizuri tunaona kwamba mikono miwili tofauti humgusa samaki. Mkono wa mvuvi humchukua kwa chakula, nao unamwia kifo cha haraka na kutomwaga bure kile alichotoa Mungu. Mkono wa mfugaji husema neno lingine. Husema, "Utaishi, nami nitakuwa ziwa lako." Tangu dakika ile samaki hana njia ya kutafuta maji bora, wala chakula, wala hewa, ila kwa mkono ule. Mvuvi amemwia saa moja. Mfugaji amemwia maisha mazima. Kwa hiyo mtu aweza kuwala samaki elfu bila lawama, na kumkosea mmoja. Sisi tulimkosea Yona si kwa kuwa alikufa, maana kila samaki hufa, bali kwa kuwa tulimwahidi jambo ambalo hatukuwa nalo.

Kisingizio cha pili ni kwamba hatukujua. Hiki twakiri ni cha uongo. Tulijua habari za sangara tangu utotoni. Hatukuuliza habari za sheria, na Bwana Samaki ofisi yake si mbali. Yako mambo ambayo mtu hayajui kwa sababu hayajulikani, na yako ambayo hayajui kwa sababu akiyauliza atalazimika kuacha anachokitamani. Kutojua kwa namna hii ya pili ni namna ya kujua.

Kisingizio cha tatu ni kumtupia lawama sangara mwenyewe. Amewala furu, amechafua maji, amekua upesi mno. Hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu ziwa letu limepata kusemwa hivyo hivyo.

Ziwa lililofanywa tangi

Vijana wengi hawajui kwamba sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Kwao ni mto Naili, Ziwa Albert na Ziwa Turkana, na maporomoko ya Murchison yalimzuia asipande mpaka huku. Waliomleta ni watu, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuwa na nia mbaya. Ngege walikuwa wamepungua kwa sababu ya uvuvi wa nyavu, na ziwa lilikuwa limejaa furu, wadogo wenye miiba, ambao wakubwa wa uvuvi waliwahesabu kuwa si kitu. Wakasema: na tutie samaki mkubwa awale hawa wadogo, kisha sisi tumle mkubwa. Wataalamu hawakukubaliana wote. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga, kwa kuwa hakuna awezaye kujua mla samaki mkubwa namna hiyo atafanya nini katika maji yasiyomjua.

Kwa karibu miaka 20 ilionekana kana kwamba hakuna jambo. Sangara alikuwa angali katika kopo. Katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa ghafula, na furu wakatoweka nyavuni. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba aina kama 200 huenda zimepotea. Hawakuwa mahali pengine duniani. Wataalamu hao hao husema pia kwamba sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Udongo wa mashamba na uchafu wa miji vilikuwa vikiingia ziwani, maji yakawa na tope na kupungukiwa na hewa, na nyavu zetu zilikuwa nyingi. Baadhi ya furu wameonekana tena kwa wingi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo habari hii haijaisha.

Hatuwezi kuisema habari hii kama watu wasiohusika. Sangara amesomesha watoto wa nchi tatu zinazolizunguka ziwa hili, Tanzania, Kenya na Uganda. Baadhi yetu tunaoandika maneno haya tulilipiwa ada kwa fedha ya sangara, na mabati ya kanisa letu yana sadaka za wavuvi ndani yake. Wakati huo huo twawakumbuka mama zetu waliokuwa wakikausha samaki wadogo juani bila gharama. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri kwa jua, yataka kuni za kumbanika, na miti ya vilimani ikalipa. Shukrani na majuto vimekaa katika sahani moja, na si haki kukiondoa kimoja ili tule kwa raha.

Lakini katika yote hayo sangara hana hatia. Alifanya ziwani kile kile Yona alichofanya katika tangi: alikula, akakua. Yule msichana wetu alikuwa amekwisha kulijibu swali hili. Waliomtia walitazama kile walichotaka kupata, hawakutazama kile atakachokuwa. Kosa lao na letu ni moja, ila lao lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 68,000.

Kumwachia mwingine

Kuna mlango mmoja zaidi ambao mtu aliyeshindwa na samaki wake huutafuta, nao ni kumtupa katika maji ya watu wengine. Huko Marekani, katika mji wa Crofton, jimbo la Maryland, mtu mmoja alinunua samaki wawili hai wa jamii ya kichwa-nyoka, wenyeji wa China, ili ampikie dada yake mgonjwa mchuzi. Dada akapona kabla samaki hawajapikwa. Yule bwana akawaonea huruma akawaweka katika tangi. Walipokuwa wakubwa mno kwa tangi, akawaachilia katika kidimbwi kilichokuwa karibu. Samaki hawa ni walaji wakali wa samaki wenzao, tena huweza kupumua hewa. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba wamezaliana. Serikali ya jimbo ikalazimika kutia sumu katika kidimbwi chote, na wakapatikana vifaranga zaidi ya 1,000. Kila kilichokuwa na mashavu humo kilikufa, hata samaki wenyeji wasiokuwa na kosa lo lote.

Mtu huyu hakuwa mkatili. Alimpenda dada yake, na aliwahurumia samaki. Lakini huruma yake ilitazama hatua moja tu mbele. Kila alipofika ukingoni mwa wajibu wake alipata mahali pa kuushusha, mpaka ukaangukia kidimbwi kizima. Ndivyo sisi nasi tulivyoushusha katika ajenda za halmashauri.

Tulichojifunza

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Tumezoea kulisoma fungu hili tunapojenga kanisa. Hatukulisoma tulipojenga tangi. Na katika habari za Nuhu, vipimo vya safina, dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, vilitolewa kabla mnyama hata mmoja hajaingia. Vipimo kwanza, wageni baadaye.

Wapendwa, si wengi kati yenu watakaofuga samaki. Lakini wengi wetu huwapokea watoto. Twakwenda nyumbani kwa likizo, twarudi na mtoto wa ndugu, wa miaka minane au tisa, mwepesi wa kutumwa, asiyekula sana. Twampimia mkeka pembeni mwa jikoni, na kwa siku ile unamtosha. Tumewaambia wazazi wake, "Atakaa kwetu kama mtoto wetu." Miaka sita baadaye ni kijana. Ataka shule na kitanda, ataka pia kuulizwa ana maoni gani. Nasi twasema amekuwa mkaidi, mji umemharibu. Kisha twamrudisha kijijini kwa basi, tukiwaachia wengine tulichoshindwa. Mtoto si samaki, Mungu apishe mbali. Ndiyo maana kosa hili kwake ni zito zaidi. Hakubadilika awe mtu mwingine. Amekuwa yule yule ambaye kila mtu alijua atakuwa, siku tuliyomshika mkono kituoni. Kama hatuwezi kumpimia nyumba kijana, tusimchukue mtoto. Na kama tumekwisha kumchukua, basi tupanue nyumba, wala tusingoje ziara ya mtu.

Kwa upande wa ziwa, walio wavuvi kati yetu wanao wajibu ulio wazi. Ziwa haliwezi kumwagwa likajazwa upya. Sangara yumo, na atakuwamo. Kilichobaki ni kuwaacha wachanga wakue, kutotumia kokoro na nyavu za macho madogo yasiyoruhusiwa, na kutoleta kopo lo lote kwa walimu wa Shule ya Jumapili.

Kwa upande wetu, tumeandika masharti matatu na kuyabandika ukutani juu ya tangi. Kwanza, kabla samaki hajapewa jina, uandikwe urefu wake wa utu uzima. Pili, maji yawe tayari kabla ya mgeni, si mgeni kabla ya maji. Tatu, ijulikane tangu mwanzo, tukishindwa, ni nani atakayeubeba mzigo, na jina lake liandikwe. Jina lililoandikwa ni letu.

Tangi limejazwa tena. Pampu inafanya kazi, na pipa la betri liko kando yake. Kila Jumapili watoto hutia punje chache za dagaa aliyesagwa, ili bakteria wapate chakula, kisha hukaa mbele ya kioo wakitazama maji matupu. Hili ni juma la nne. Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa darasa la wadogo alituuliza tunamngojea nani. Tukamwambia ni furu, ambao hata wakikua sana hawatazidi kiganja chake na vidole. Akapima kiganja chake kwenye kioo, akasema, "Basi tungoje."

Ni sisi,
Walimu wa Shule ya Jumapili